Mstari wa Mwisho Kufutwa

Siku za Jumamosi nikijilaza baada ya chakula cha mchana, usingizi wa saa nane ukianza kunichukua, huwa naona ubao. Si ubao mzima. Naona kipande tu, upande wa kulia, karibu na dirisha. Mstari mmoja wa chaki umebaki, mingine yote imeshafutwa, na vumbi jeupe linashuka polepole ndani ya mwanga, halina haraka ya kufika sakafuni. Malori yanapita Barabara ya Kilwa kuelekea Kurasini, madirisha yanatetemeka kidogo, kisha kimya. Mbele ya ubao kuna mgongo wa mtoto wa kike, mtandio mweupe, dasta mkononi. Hageuki. Najua kwamba nikimwita atageuka, ila simwiti. Naamka nina kiu, naenda kunywa maji.

Mie ni mwalimu wa hisabati, shule ya msingi, huku Mtoni. Nimetoka Njombe nikiwa binti, kazi ikanileta Dar, nikaolewa hapahapa na karani wa mambo ya mizigo pale Kurasini, na sasa nikienda kwetu wananicheka kwamba Kiswahili changu kimekuwa cha mjini mno na baridi siiwezi tena. Hasira ninazo, sifichi. Watoto wamenipa jina la kiungo kimoja cha jikoni, wanadhani silijui.

Mie pia nilikuwa mtoto wa sifa. Tangu darasa la kwanza mpaka nakabidhiwa cheti cha ualimu sikuwahi kutoka kwenye tatu bora. Baba alikuwaga anabandika ripoti yangu sebuleni, kando ya picha ya Yesu Mchungaji Mwema, na mgeni akiingia hakai mpaka ameisoma. Siri yangu ilikuwa wepesi. Mwalimu akikohoa tu kabla ya kuuliza, mkono wangu umeshafika juu. Nikakua nikiamini, na hakuna aliyenikatalia, kwamba akili ni kuwahi. Nikaingia nayo darasani hiyo imani, nikaitumia miaka na miaka bila kuiangalia chini ina nini.

Kwenye darasa langu watoto walikaa kwa namba. Kila mwisho wa mwezi tulifanya jaribio, nikasahihisha, na Jumatatu yake nikasimama mlangoni na karatasi, naita majina, wanaingia mmoja mmoja kuanzia wa kwanza. Kumi wa mwanzo walikaa upande wa dirisha, kunakoingia upepo. Wenyewe walipaita kwa vipanga. Ukishuka namba unasogea kuelekea ukutani, na nyuma kabisa, kwenye kona ambako bati lilikuwa likivuja masika, ndiko kwa vilaza. Maneno hayo sikuyaanzisha mie, ila sikuwahi kuyakataza. Wa mwisho kabisa alikuwa na kazi yake: kufuta ubao kila kipindi changu kikiisha, mwezi mzima, mpaka jaribio lingine. Desturi hiyo niliikuta kwa mwalimu aliyenitangulia, naye aliikuta kwa wa kwake. Tulidhani inawapa watoto ari. Na ukutani, juu ya kichwa changu, palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu: Kuuliza si ujinga.

Yule mtoto ninayemwona usingizini alifuta ubao ule karibu mwaka wote wa darasa la sita. Mama yake ana duka la viungo huku huku Mtoni. Ni watu wa asili ya Kiarabu, wafanyabiashara wa siku nyingi, wenyeji wanasema duka lile lilikuwapo kabla ya lami. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mbili, mwembamba, mpole, mtandio umepigwa pasi, daftari safi kuliko la mtu yeyote. Ukilifungua hilo daftari safi unakuta nimempa maswali kumi naye kafanya mawili. Yale mawili yako sahihi. Mengine hata hakuyagusa.

Nikimaliza kueleza somo, nilikuwa na swali langu la siku zote: tumeelewana? Nao watoto, themanini na ushee, wanaitikia kwa sauti ya kuimba, ndiyo, mwalimu. Wimbo ule ulinipendeza. Ulikuwa unanishusha mabega, najiona nimefanya kazi. Halafu, wimbo ukishaisha na mie nimeshageuka kuchukua mfuko wangu, inakuja sauti moja ya adabu kutoka kule kona ya bati linalovuja: "Mwalimu, mie bado."

Kila siku. Jamani, kila siku ya Mungu. Mwanzoni nilirudia kumweleza. Baadaye nikawa nafumba macho kabla hajasema, kwa sababu najua itakuja. Ofisini nilikuwa nawasimulia walimu wenzangu na kumwigiza sauti, tukacheka, tukanywa chai.

Siku ya kugawanya sehemu kwa sehemu naikumbuka yote. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, uwanja unafuka mvuke, na darasani kuna ule uzito wa mchana unaomlaza hata mwenye macho makavu. Nikaandika ubaoni: nusu gawanya kwa robo. Kanuni yake mie nilifundishwa kwa kuimba, nami nikaifundisha kwa kuimba: ya pili igeuze, halafu zidisha. Robo ikageuka ikawa nne, nusu mara nne, jibu mbili. Tukaimba mara tatu. Tumeelewana? Ndiyo, mwalimu. Mie bado.

Nikamuuliza bado nini. Akasimama, akaweka mikono nyuma, akasema anaona tunavyofanya ila haoni kwa nini. Kitu kikigawanywa kinapungua, akasema. Sie tumeanza na nusu, tumeigawanya, imekuwa mbili. Hizo mbili zimetoka wapi?

Nilihisi joto linapanda shingoni. Nilidhani ni hasira ya kupotezewa muda, na kengele ilikuwa karibu. Nikamwambia asiyejua maana haambiwi maana, kanuni ni kanuni, wenzake wote wameelewa, akae chini aache kuturudisha nyuma. Darasa likacheka. Akakaa. Hakununa, na hilo ndilo lililonikera zaidi, maana hata alipokaa alikuwa bado anautazama ubao.

Kengele ikalia, wenzake wakatoka mbio, yeye akaja na dasta. Watoto wengine hufuta ubao kwa kupita, ncha hadi ncha, wawahi mpira. Yeye alikuwa anafuta kipande kipande. Anasimama mbele ya mstari, anausoma, midomo inacheza, anaufuta. Anahamia wa pili, anausoma, anaufuta. Akikutana na ambao haujamwingia, anauruka. Mwishowe ubao wote ni mweusi isipokuwa mstari mmoja, pengine miwili, naye amesimama mbele yake, kichwa kimelala upande, mpaka nimgombeze kwamba mwalimu wa Kiswahili anangoja. Ndipo anaufuta, taratibu, anaanzia kwenye jibu anarudi nyuma mpaka kwenye swali.

Nilimwona akifanya hivyo mwaka mzima. Nilikuwa pale pale mezani nasahihisha, miguu imetoka kwenye viatu, jua limelala sakafuni mpaka kwenye dawati la tatu. Nilimwona, na nilikuwa nadhani anavuta muda tu, asirudi kwenye kona yake.

Mwaka ukaelekea ukingoni. La sita wanakwenda la saba, na shule hupimwa kwa mtihani wa la saba; mwaka huo mwalimu mkuu alituita akatuomba tuzungumze mapema na wazazi wa watoto wazito. Sitamsingizia, hakusema tuwafukuze. Ila sie walimu tunajua kusikia jambo ambalo halijasemwa. Nikaandika orodha yangu, na jina la kwanza juu lilikuwa la mtoto wa duka la viungo.

Mama yake akaja mchana mmoja baada ya kipindi changu. Amevaa buibui jeusi, harufu ya hiliki ikamtangulia mlangoni. Akakaa kwenye dawati la mbele, magoti yamembana, akanisalimia vizuri. Binti yake alikuwa ubaoni anafuta. Nilipaswa kumwambia atoke nje kwanza. Hilo nimelitafakari sana, kwamba haikunijia hata kidogo kumtoa nje, kama vile mtu anayezungumziwa hakuwa na masikio.

Mama hakuzunguka. Alisema mdogo wake wa kike yuko Tegeta, ana saluni ya kusuka, na amekuwa akimwomba huyu mtoto muda mrefu. Yeye alikuwa anakataa kwa sababu alitaka asome, lakini kila ripoti ni ya mwisho, na mtoto anarudi nyumbani kimya. Kisha akaniuliza.

"Mwalimu, nieleze bila kunificha. Huyu mtoto akili anayo, au hana?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema mama, nipe mwezi mmoja nimwangalie. Lakini mie nilizoea kuwahi. Nikavaa ile sauti yangu ya upole ninayowawekea wazazi, nikamwambia Mungu hamnyimi mtu vyote. "Ya darasani hana, mama. Ila naona ana akili ya mikono."

Nilijiona nimesema vizuri. Tunalipendaga neno hilo sie walimu, akili ya mikono. Ni shuka safi la kumfunikia mtoto aliyetushinda. Mama yake akatikisa kichwa taratibu, akasema alhamdulillahi, akanishukuru kwa ukweli wangu. Pale ubaoni mkono wenye dasta ulikuwa umesimama. Uso sikuuona. Halafu yule mtoto akaufuta ubao wote uliobaki kwa kupita, mara moja, kushoto kwenda kulia, akaikung'uta dasta mlangoni, akarudi kuchukua madaftari yake.

Baada ya wiki mbili mama alikuja kuomba uhamisho. Mtoto anakwenda Tegeta kwa mama yake mdogo, kuna shule kule karibu na nyumbani. Nikaijaza fomu kwa mwandiko mzuri, mwalimu mkuu akagonga muhuri. Na niseme ukweli wangu mbaya: nilipumua.

Shule ikafunguliwa Januari, nikapanda nao la saba. Wa mwisho mpya alikuwa mtoto mmoja mchangamfu, anafuta ubao kwa mikupuo mitatu huku anaimba singeli, anatoweka. Nami nikabaki mezani na daftari zangu, na kila siku nikawa najikuta nimeinua macho kutazama upande wa kulia wa ubao, karibu na dirisha. Mweusi tupu. Sikujua natafuta nini. Nilikuwa na hali ile ya mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Kibaya zaidi ni ule wimbo. Tumeelewana? Ndiyo, mwalimu. Halafu nasimama. Chaki mkononi, mgongo kwa darasa, nangoja. Mtu mzima mie, nangoja kukerwa. Haiji sauti yoyote, feni inalia tu juu ya vichwa vyetu, na ukimya ule ukaanza kunitia wasiwasi. Nikawa najiuliza kama kweli wameelewa, na kama hawajaelewa, ni nani ataniambia.

Basi siku moja tunarudia sehemu kwa ajili ya mtihani, nikaandika tena nusu gawanya kwa robo, wakaimba, wakapata mbili, wote. Nikamsimamisha wa kwanza wa darasa, kipanga wangu, mtoto anayewahi kama nilivyokuwa nawahi mie. Nikamwuliza hizo mbili zimetoka wapi. Akajibu haraka kwamba zimetoka kwenye kugeuza na kuzidisha. Nikamwuliza kwa nini tunageuza. Akanitazama kwa mshangao, akasema: "Kwa sababu ulisema, mwalimu." Nikamwuliza wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi, dirisha zima. Hakuna. Nikawageukia kwa hasira, nikafungua mdomo niwaeleze mwenyewe, na mdomoni hamkuwa na kitu.

Kengele ndiyo iliyoniokoa. Nilitoka nikasimama kwenye varanda, nimeshika nguzo.

Sikulala mchana ule wala uliofuata. Jumapili, tumetoka kanisani, nilikuwa jikoni namimina sukari kutoka kwenye mfuko wa nusu kilo kuingia kwenye makopo. Nina makopo yangu mawili madogo, kila moja linachukua robo kilo. Nikajaza la kwanza. Nikajaza la pili. Mfuko ukaisha. Nikabaki nimeushika mfuko mtupu, natazama makopo mawili, na chumba kikatulia kabisa. Mara mbili. Robo inaingia kwenye nusu mara mbili. Hilo ndilo swali lenyewe, kwamba robo ngapi zimo ndani ya nusu, na hizo mbili hazikutoka popote, zilikuwamo tangu mwanzo.

Nikaketi kwenye kigoda. Miaka zaidi ya ishirini nimegeuza na kuzidisha, nimewachapa watu kwa kutogeuza, na sikuwahi kujua nageuza nini. Lile joto la shingoni la siku ile nikalijua jina lake. Haikuwa hasira ya kupotezewa muda. Ilikuwa hofu, kwamba mtoto wa mwisho ameweka kidole mahali ambapo mwalimu wake hana kitu. Loo, nyani haoni kundule. Mume wangu aliingia akanikuta nalia mbele ya makopo ya sukari, akauliza kama wameingia sisimizi.

Jumatatu jioni nilikwenda dukani kwa mama yake. Nilitaka tu jina la shule ya Tegeta, nimwandikie mwalimu wake wa hisabati. Mama alinikaribisha kiti nyuma ya magunia, akanitilia kahawa yenye tangawizi, akaniambia hakuna shule. Mtoto hakuandikishwa. Yuko saluni tangu uhamisho, anajifunza kusuka. Akasema bila ubaya wowote, anaeleza tu:

"Si wewe mwalimu uliyesema ana akili ya mikono?"

Kahawa ile niliishika mpaka ikapoa. Nikamwomba anisamehe, nikamweleza habari ya nusu na robo, kila kitu, na kwamba mtoto wake alikuwa ananiuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake. Hakushangaa. Alisema wao mtoto akianza kuuza anafundishwa jambo moja, asimpimie mtu mpaka amejua anakwenda kupika nini na wanakula wangapi. Binzari ikishachanganywa hairudi kwenye kopo. Mteja akisema nipe ya pilau, mtoto anauliza, anauliza tena, na kama hajaelewa anasema bado, hata mteja anune, hata foleni ifike barabarani. Bibi yake alimlea hivyo pale kwenye kaunta. Kumpimia mtu kwa kubahatisha, kwao, ndio ujinga.

Nikamwambia basi tumrudishe, mwalimu mkuu kasema majina ya watahiniwa wa la saba yanafungwa wiki ijayo, akikosa mwaka huu atapotea moja kwa moja. Mama akaweka mizani pembeni. Alisema alishamwambia arudi, tangu alipoona anakonda. Mtoto ndiye hataki. Anasema mwalimu alishasema. "Mie neno la mwalimu siwezi kulitengua," mama akaniambia. "Ukimtaka, nenda ukalitengue mwenyewe."

Jumamosi nikaenda Tegeta. Kutoka Mtoni ni kuuvuka mji wote, na safari ile imebaki kichwani kama kitu nilichokiota: bahari inaonekana na kupotea, magorofa yanakuja na kubaki nyuma, kisha Barabara ya Bagamoyo na foleni yake isiyosogea, nyumba mpya hazijapigwa lipu, matofali, vibao vya viwanja, watu wanaanza maisha kila kona. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga hotuba ndefu, ina Mungu ndani yake, ina methali, na ina namna ya kuomba radhi ambayo mwalimu anabaki mwalimu.

Saluni ilikuwa chumba kimoja cha pinki kando ya duka la vifaa vya ujenzi. Mama mdogo wake ni mwanamke mkubwa, mcheshi, alikuwa anasuka mteja na vidole havikusimama hata aliponisalimia. Aliposikia mie ndiye mwalimu, akacheka mpaka mteja akatikisika.

"Kumbe ni wewe? Mwalimu, mikono gani uliyoiona?"

Akanihesabia. Kichwa cha kazi ya saa tatu mtoto anakianza asubuhi, anakimaliza jioni. Anataka kujua kwa nini nywele ikivutwa hivi inashika na ikivutwa vile inafumuka. Anawauliza wateja kama wanaumia, na wakisema hapana haamini, anauliza tena. Wateja wamekimbia. Anampenda, ni mtoto wa dada yake, ila kama ni mikono, ya kusuka hana. Nilicheka naye, sikuweza kujizuia. Halafu kicheko kikanikwama. Akili niliyomnyima alikuwa nayo, na ile niliyompa kwa hisani yangu hakuwa nayo, na hukumu zote mbili nilizitoa kwa dakika moja bila kuangalia.

Mtoto alikuwa uani anaosha mataulo. Alipotoka akaniona, akafuta mikono, akapiga goti kidogo. Shikamoo, mwalimu. Marahaba, mwanangu. Kweli alikuwa amekonda. Tukakaa kwenye benchi nje ya mlango, jua limepungua, vumbi la barabara linapita mbele yetu polepole. Hotuba yangu yote ikanitoka. Mficha uchi hazai, nikajiambia, sema.

Nikamwambia nilikosea. Nikamwambia siku ile ya nusu na robo sikuwa najua jibu, na sasa nalijua, nikamwonyesha kwa viganja, nusu hii, robo hii, zinaingia mara mbili. Aliangalia viganja vyangu kwa muda mrefu. Nikaona midomo yake inacheza. Kisha akatikisa kichwa, taratibu, na uso ukamfunguka kidogo, akasema kumbe ni kama vifuko vya binzari dukani kwao. Ndiyo, nikasema, ni vifuko.

"Hukuwa unajua?" akaniuliza.

"Sikuwa najua."

"Na mbona ulikasirika?"

"Ndiyo maana nilikasirika."

Akaliweka hilo mahali pake. Nikamwambia nimekuja kumchukua, mama yake ameridhia, jina lake nitaliandikisha Jumatatu kwa mkono wangu. Nikamwambia akili anayo, kuliko wengi, kuliko mie nilipokuwa na umri wake. Nilisema kwa moyo wote, machozi yako karibu, nikangoja afurahi.

Hakufurahi. Aliinamisha kichwa upande, akanitazama, macho hayana kinyongo wala hayana haraka.

"Mie nilikuamini, mwalimu," akasema. "Uliposema sina, nilikuamini. Sasa unasema ninayo. Nitajuaje kama safari hii hujakosea?"

Maisha yangu yote nimekuwa na jibu. Nililitafuta pale, nikalitafuta kwenye Njombe yangu na ripoti zangu na miaka yangu ya chaki, na lori la mchanga likapita, na jirani akazima redio yake, na bado sikulipata.

"Sijui," nikamwambia. "Sijui, mwanangu."

Kisha akainuka, akaingia ndani, nikamsikia anamuuliza mama yake mdogo begi lake la shule limewekwa wapi.